Aliyewachorea Mbwa Njia

Mwalimu hakupenda mbwa wamkaribie. Mtu yeyote aliyemjua angeanzia hapo kukusimulia, kisha angecheka, kwa sababu huyo huyo ndiye aliyekuwa akiwachorea mbwa wa Kakamega njia zao za mashindano, na sijaona mtu mwingine aliyewawazia mbwa kwa makini kama yeye. Mbwa akimaliza kukimbia na kumjia akihema, ulimi nje, Mwalimu alirudi taratibu nyuma ya meza, akaukumbatia ubao wake wa karatasi kifuani na kusema, "Mwite. Mwite mbwa wako, tafadhali." Ukimuuliza kisa cha woga huo, alikuwa na majibu mengi. Mara aling'atwa akienda kuchota maji. Mara hakuwahi kung'atwa hata siku moja, ni ile harufu tu. Siku nyingine aliniambia, "Kuna vitu mtu hupendanga kwa mbali. Wewe mwezi huupendi?"

Mama huyu alikuwa mwalimu wa useremala. Alifundisha katika chuo cha ufundi hadi akastaafu, na aliporudi kwake, kando ya barabara ya murram inayoelekea msituni, alifungua karakana nyuma ya jiko akaendelea kutengeneza milango na vitanda. Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Hata wazee waliomzidi umri walimwita Mwalimu, na yeye aliitika kwa namna ile ile aliyomwitikia mtoto: "Sema."

Mimi nina duka la dawa za mifugo mjini, si mbali na soko. Nilimfahamu kupitia daktari wa mifugo ambaye alizoea kupita dukani kwangu asubuhi kabla ya kwenda vijijini. Daktari alikuwa na shida moja iliyomnyima raha: watu hawakuleta mbwa wao kuchanjwa dhidi ya kichaa. Mbwa wa kwetu ni wa kulinda boma. Hajui kamba, hajui gari, hana mahali anapopelekwa. Basi Daktari akawaza kwamba pengine watu wakiitwa kwenye mchezo watakuja, na wakishakuja, sindano itakuwa jambo dogo. Alikuwa ameona kwenye simu mbwa wa nchi za mbali wakiruka viunzi, wakipenya kwenye handaki la kitambaa, wakipanda paa na kushuka upande wa pili, mwenye mbwa akikimbia kando na kuwaonyesha pa kwenda kwa mkono. Akamwendea Mwalimu, akamwonyesha simu, akamwomba amtengenezee vifaa kama vile.

Mwalimu alivitengeneza. Viunzi alivifanya kwa fito nyepesi zinazoanguka zikiguswa, ili mbwa asiumie. Handaki alilishona kwa turubai juu ya pete za paipu ya maji. Paa lilikuwa milango miwili mikuukuu aliyoiunganisha kwa bawaba, na mbwa waliikanyaga milango hiyo bila kujua kwamba zamani ilifungua vyumba vya watu. Kulikuwa na nguzo kumi na mbili za kuchomeka ardhini, mbwa apite katikati yake akijipinda kushoto na kulia kama nyoka. Na kulikuwa na ubao mrefu uliokalia kigingi: mbwa anaupanda upande mmoja, anafika katikati, ubao unainama, anashukia upande wa pili. Huo tuliuita mizani.

Siku ya kwanza ya mchezo, kwenye uwanja wa shule, Daktari alivipanga vifaa vyote kwa mduara kama viti vya mkutano. Mimi nilikuwepo, na Kaptula wangu kwenye kamba ya manila. Kaptula alikuwa jike mweusi mwembamba, mwenye miguu ya nyuma ya rangi ya kahawia hadi kiunoni, ndiyo maana akaitwa hivyo. Mwalimu alisimama pembeni, mikono kifuani.

"Daktari," akasema, "hii umepanga ama umemwaga?"

"Si ni mchezo tu, Mwalimu?"

"Mchezo wa nani? Wewe unajua mahali unaenda. Huyu mbwa atajulia wapi?"

Daktari akacheka. Mwalimu hakucheka. Alimpokonya daftari, akakaa chini kwenye nyasi, akachora kwa dakika kama kumi huku watu wakingoja na mbwa wakibwekeana. Alipoinuka alitaka kila kitu kihamishwe. Tulihamisha. Kisha Kaptula, ambaye hakuwa amefundishwa zaidi ya kufuata mkono wangu uani, akakimbia njia ile kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusita hata mara moja, na mimi kando yake nikihisi kwamba mtu ametushika sote wawili mkono. Toka siku hiyo hakuna mwingine aliyechora.

Alichorea kwenye karatasi ya miraba, ile ya hesabu za shule, mraba mmoja ukiwa hatua moja. Kila mchoro ulikuwa na mistari miwili, mwekundu wa mbwa na wa buluu wa mwenye mbwa. "Njia ni mbili kila wakati," alikuwa akisema. "Zikigongana mmoja ataanguka. Zikiachana sana mmoja atapotea." Umbali aliupima kwa gurudumu la baiskeli alilolitia mpini, na kwenye spoku moja akafunga kitambaa chekundu ili ahesabu mizunguko. Saa hakuvaa maisha yake yote. Alichelewa mazishi, alichelewa harusi. Lakini kiunzi kikisogea hatua nusu kutoka mahali alipokichora, alikiona akiwa upande wa pili wa uwanja.

Mambo aliyoyaangalia mimi nisingeyawazia. Alitaka mbwa anayeingia kwenye nguzo kumi na mbili asipigwe na jua la asubuhi usoni. Alitaka nguzo ya kwanza iwe begani kwake kushoto, sikuzote, kwa sababu mbwa akishafundishwa hivyo usimgeuzie neno. Alitaka mahali pa kutua pawe na nyasi, si murram. Alitaka kona. Kona alizipenda mno. "Kona ni swali," alisema. "Mbwa anakuuliza, sasa wapi? Wewe umjibu mapema. Ukichelewa, atajijibu mwenyewe."

Siku moja mchana, baada ya chakula, nilimpelekea misumari aliyoniagiza. Nilimkuta amelala chali kwenye benchi la karakana, viatu ameviweka chini, macho ameyafumba. Vumbi la mbao lilikuwa likielea kwenye mwanga wa dirishani. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinatembea hewani juu ya uso wake, polepole, kikipinda, kikipanda kidogo, kikishuka, kikisimama, kisha kikienda tena. Nilisimama mlangoni nisijue niite au niondoke. Nje kulikuwa kimya kabisa, hata kuku walikuwa wamelala kivulini. Nikakifuata kidole kile kwa macho, na baada ya muda nikaanza kumwona mbwa. Sikuweza kusema ni wa nani. Alikuwa akikimbia pale hewani, mwepesi, bila sauti, akigeuka kila kidole kilipogeuka.

"Ulikuwa umelala, Mwalimu?" nilimwuliza alipofumbua macho.

"Hapana. Nilikuwa kwa kiunzi cha tisa," akasema, akanyoosha mkono kupokea misumari.

Mashindano yalifanyika asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado haujatoka msituni. Ukifika mapema uliona viunzi vimesimama katikati ya weupe kama vitu vilivyosahauliwa na watu waliohama, na juu ya miti mbega wakikaa safu, mikia yao mirefu ikining'inia, wakitazama. Watu walikuja na mbwa kutoka Navakholo, kutoka Sigalagala, wengine juu ya boda boda, mbwa akiwa amekumbatiwa katikati ya dereva na mwenyewe, masikio yakipeperuka. Daktari alichanja kila aliyefika. Wakati wa kutoa vikombe, Mwalimu hakuwahi kuwapo. Huyo ni mtu ambaye sikumsikia hata mara moja akiuliza nani ameshinda. Alikuwa mbali uwanjani, ameinama, anaangalia umande.

Alinionyesha mara moja. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande, na mahali walipopita mbwa palibaki mstari wa kijani, karibu mweusi, ukizunguka uwanja mzima. Karatasi yake ilikuwa mkononi.

"Mimi nilichora hapa," akasema, akionyesha kwa kiatu. "Wao wamepita pale. Mbwa kumi na mmoja, wote pale. Sasa nani amekosea?"

"Wao?"

Akanitazama kwa huruma. "Mbwa hasomanga karatasi, Mama Kaptula."

Ndivyo alivyoniita, na baada yake mji mzima. Nikipita stendi, wale vijana wa boda wananiita hivyo hadi leo.

Na michoro hiyo yote aliichoma. Mashindano yakiisha alirudi nyumbani akawashia jiko kwa karatasi ile ile aliyoihangaikia majuma mawili. Nililalamika, nikamwambia mtu angeweza kujifunza. Akasema njia ikishakimbiwa imekwisha, kama wimbo. Alisema hivyo akikoroga obusuma, ugali wa kwetu, mvuke umemfunika uso.

Mmoja tu hakuuchoma, na huo ndio ninaotaka kuueleza.

Mwaka huo Daktari alikuwa amewaalika wageni kutoka Nairobi, watu wenye mbwa waliofundishwa kwa miaka, mbwa wa kuchunga kondoo, weusi kwa weupe, ambao huinama kama paka wakisubiri kuambiwa. Daktari alifurahi hadi akawa kama mtoto. Alimjia Mwalimu mara tatu karakanani. "Utuchoree kitu," alimwambia mbele yangu, "ambacho watu wa Nairobi wataheshimu." Mwalimu alisema atajaribu. Lakini niliona jinsi alivyolishika lile neno, kuheshimu. Mtu ambaye hakujali vikombe alianza kuchora na kufuta. Alichora kona juu ya kona. Mdomo wa handaki akauweka mbele ya mbwa anapotua, ili umvute asikopaswa kwenda. Na mizani akaiweka kwa mshazari, mbwa atoke kwenye kiunzi kwa kasi, ajikunje, aupande ubao kutoka pembeni badala ya kuujia moja kwa moja.

Asubuhi ya mashindano kila mwenye mbwa hupewa dakika chache atembee njia bila mbwa, aihesabu, aipange kichwani. Nilitembea. Nilipofika kwenye mizani nilisimama. Mguu wangu ulijua kabla yangu. Mbwa anayekuja kwa kasi kutoka pale, nilifikiri, ataupata ubao kwa mguu mmoja tu. Niliinua uso, na Mwalimu alikuwa amesimama karibu na gurudumu lake, ananitazama.

"Mama Kaptula," akaita. "Iko sawa?"

Kaptula alikuwa mbwa mwepesi kuliko wote wa Kakamega, na kila mtu alijua. Wageni wale walikuwa wamemwangalia wakati wa mazoezi na mmoja wao akatikisa kichwa kwa mshangao. Nilitaka wamwone. Nilitaka kumshinda mtu wa Nairobi kwa mbwa wa kamba ya manila, na niliogopa kwamba nikisema neno njia italegezwa, na ushindi wangu utakuwa wa njia nyepesi.

"Iko sawa, Mwalimu," nikasema.

Kaptula aliruka viunzi vitano kama hewa. Mdomo wa handaki haukumvuta. Aligeukia mkono wangu, na watu wakapiga kelele. Kisha akaijia mizani. Aliupata ubao kwa mguu mmoja. Ubao ukainama kabla ya wakati, ukamrusha, naye akatua kwa mguu wa mbele wa kushoto peke yake. Sauti ya mfupa kuvunjika ilikuwa ndogo. Wengi hawakuisikia. Kaptula hakulia. Alijaribu kuinuka aende kiunzi kilichofuata, akanitazama, kama anayeniuliza, sasa wapi?

Daktari alifika akikimbia. Nilikuwa nimepiga magoti, kichwa cha mbwa mapajani mwangu, na nilipoinua macho nilimwona Mwalimu amesimama hatua mbili kutoka kwetu. Alikuwa amekunja karatasi mkononi. Akageuka, akatembea hadi kwenye meza ya mwamuzi, akaomba kipaza sauti.

"Mbwa hakukosea," alisema, na sauti yake ikapita juu ya uwanja wote. "Mwenyewe hakukosea. Aliyechora amekosea. Mashindano yamekwisha. Ondoeni mizani."

Wageni walinung'unika, walikuwa wametoka mbali. Daktari alitaka njia irekebishwe tu, watu waendelee. Mwalimu alianza kung'oa nguzo kumi na mbili kwa mikono yake mwenyewe, moja baada ya nyingine, hadi hapakuwa na njia ya kukimbia.

Nilimchukia. Sina njia nyingine ya kulisema. Kaptula alirudi nyumbani na plasta kutoka kucha hadi begani, na mimi nilimwambia kila aliyeingia dukani kwamba yule mama alitaka sifa, akamvunja mbwa wangu. Neno hilo lilikuwa la kweli, na nililisema mara nyingi kwa sababu lilinisaidia nisiseme lingine.

Jumamosi iliyofuata alikuja kwangu. Nilimwona dirishani akishuka kwenye boda boda, amebeba mfuko wa mifupa aliyoipata buchani. Sikutoka. Nilimtuma dada yangu aseme nimelala. Mwalimu akasema hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja hadi kibarazani alipolala Kaptula, akasimama mbali. Alisimama pale muda mrefu, mikono ameishika nyuma. Kisha akasogea hatua moja. Baadaye akaondoka.

Alirudi Jumamosi ya pili, na ya tatu. Kila mara alisogea kidogo, na mimi nikimtazama nyuma ya pazia, nikimchukia na kushindwa kuondoka dirishani. Jumamosi ya nne alileta kigoda chake mwenyewe, akakaa. Jumamosi ya tano aliutoa mkono wake, ule mkono mkubwa wa randa na msumeno, ukabaki hewani kwa muda ambao ulinichosha mimi niliyekuwa natazama tu. Kaptula akanyoosha shingo, akaunusa. Kisha akauweka utaya wake juu ya kiganja. Mwalimu alifumba macho. Walikaa hivyo hadi jua likahama kibarazani, na kwa jinsi walivyotulia ungedhani wote wawili wamelala na wanaota kitu kimoja.

Nilitoka. Nilikaa chini kwenye saruji upande wa pili wa mbwa.

"Niliona," nikasema. "Asubuhi ile. Uliponiuliza. Niliona ubao umekaa vibaya, na nikasema iko sawa."

Hakufumbua macho. "Najua uliona."

"Ulijuaje?"

"Mguu wako ulisimama." Kaptula alihema kwenye kiganja chake. "Unafikiri nilikuuliza kwa nini? Mimi nilikuwa nimeshaona tangu jana yake. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia nisiwe na wasiwasi. Nikakuchagua wewe kwa sababu nilijua unataka kushinda."

Barabarani mtu alipita na ng'ombe, akatusalimu, "Mulembe," na sote wawili tukaitikia kwa sauti moja kama watu waliokuwa wakizungumza mambo ya kawaida.

"Basi tugawane," nikasema mwishowe.

"Hapana," akasema. "Kila mtu abebe yake. Lakini tunaweza kubeba tukitembea pamoja."

Mchoro ule aliupigilia ukutani karakanani, juu ya benchi, mahali ambapo angeuona kila akiinua kichwa. Hakuchora tena kwa mwaka mzima. Mfupa wa Kaptula uliunga, ingawa aliendelea kuchechemea, na baadaye alizaa. Daktari alijaribu kupanga mwenyewe mara mbili, watu wakaja wachache, mbwa wakagongana. Mara ya tatu alienda kwa Mwalimu, akakaa mlangoni pa karakana bila kuomba kitu, akala mahindi ya kuchoma, akaondoka. Wiki iliyofuata Mwalimu alininunulia penseli nyekundu, akaniletea dukani. "Utanishikia hii," alisema. "Ukiona kitu, chora juu yake. Hata kama nimekasirika."

Ndipo alipoanza kutambaa. Asubuhi ya mashindano alifika kabla ya watu wote, akafunga vipande vya gunia magotini, akapiga magoti kwenye mstari wa mwanzo na kuitambaa njia nzima kwa mikono na magoti, gauni lake refu likiloa umande. Mtu mmoja alipita kwa pikipiki akamrekodi. Kufikia mchana video ilikuwa imezunguka simu zote za Kakamega, na maneno chini yake, wakimwita bibi kwa Kiluhya: *Kukhu amerogwa?* Watu waliniletea dukani wakicheka. Kusema kweli niliona aibu kwa niaba yake, na mashindano yaliyofuata nilidamka ili nikamzuie.

Nilimkuta katikati ya ukungu, kwenye kiunzi cha nne.

"Mwalimu, inuka. Watu wanakucheka."

"Wacheke. Huku chini kuna kitu." Alikuwa ameinamisha kichwa hadi shavu karibu na nyasi. "Njoo uone."

"Nina sketi nzuri."

"Njoo, Mama Kaptula."

Nikapiga magoti. Maji ya umande yaliingia kwenye sketi mara moja, baridi. Nikainamisha kichwa kama yeye, na uwanja niliokuwa nikiujua ukatoweka. Nyasi zilikuwa msitu. Kiunzi kilikuwa juu kama boriti ya dari, na nyuma yake mbingu nyeupe tupu. Mdomo wa handaki ulikuwa mweusi na mkubwa, na ulikuwa ukipumua, kwa sababu upepo ulilitikisa turubai. Sikuweza kusoma namba yoyote wala kuona mstari. Mahali pa kwenda palikuwa pamefichwa kabisa na kibao cha namba tano, kimoja cha vile vya kuwaonyesha watu mfuatano wa viunzi, ambacho kwa mtu aliyesimama kilikuwa kitu kidogo tu pembeni.

"Umeona?" alininong'oneza.

"Nimeona."

"Sasa chora."

Nikaitoa penseli nyekundu. Tulikihamisha kibao. Tuliendelea kutambaa, mimi na yeye, kutoka kiunzi hadi kiunzi, na ukungu ukatufunika kiasi kwamba kwa muda sikumwona, nilisikia tu pumzi yake na gunia likikwaruza nyasi. Mbega mmoja alikohoa juu. Tangu siku hiyo sikumzuia tena, na hakuna mbwa mwingine aliyeumia kwenye njia yake.

Macho yake yalianza kufifia miaka michache baadaye. Alilificha jambo hilo kama anavyoficha mtu mzima, kwa kusingizia penseli mbovu. Mwisho dada yake mkubwa alikuja kumchukua akakae naye Lugari, kwenye shamba la mahindi. Mimi ndiye ninayechora sasa. Sichori vizuri kama yeye, na watu huniambia.

Mwaka jana, mahindi yakiwa yamekauka shambani yakingoja kuvunwa, dada yake alinipigia simu. "Anasema uje," alisema. "Anasema uje na mbwa." Nikaenda na Soksi, binti ya Kaptula, ambaye ana mbio za mama yake.

Nilimkuta ameketi nje kwenye kiti chenye mikono, amekonda, shali mabegani. Macho yake yalikuwa na utando mweupe. Alinishika mkono akavipapasa vidole vyote, kisha akauliza ardhi mbele yake ikoje. Nikamweleza: uwanja wa nyasi fupi, halafu uzio, halafu mahindi makavu hadi mwisho wa macho. Akaniagiza nitafute vitu. Ndoo, mitungi, mipini ya majembe. Akaniambia pa kuviweka kwa hatua, kutoka kwenye kiti chake, bila kusita, na mimi nikatembea nikihesabu kwa sauti. Dada yake alisimama mlangoni akikausha mikono, akatikisa kichwa, akarudi ndani kutuwekea chai.

"Haya," akasema Mwalimu. "Mwachilie. Mimi nitasikiliza."

Soksi alikimbia. Mwalimu aliinamisha kichwa upande mmoja, na uso wake ukawa unageuka polepole kufuata vishindo vya miguu. "Hapo ameruka," alisema. "Hapo amekuuliza. Umechelewa, lakini amekusamehe." Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. "Hapo amekata kona vizuri. Vizuri. Orio, asante."

Soksi alimaliza. Alikuja kimya kimya akalala miguuni pangu, akihema. Nilitaka kusema amemaliza, nikafungua mdomo, lakini Mwalimu aliinua mkono kuninyamazisha.

"Sikiliza," akasema.

Nikasikiliza. Kutoka mwisho wa shamba kulikuwa na sauti inakuja. Mvua ilikuwa imeanza huko mbali, bado haijatufikia, na matone yalikuwa yakipiga majani makavu ya mahindi, haraka, mepesi, mstari kwa mstari, yakitujia. Juu yetu mbingu ilikuwa bado kavu. Uso wake uligeukia huko, ukang'aa.

"Ni wangapi hao?" aliuliza.

Nilimtazama Soksi miguuni pangu, nikatazama shamba likitikisika kuelekea kwetu.

"Wengi, Mwalimu."

"Na njia inawatosha?"

"Inawatosha."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaegemea kiti. Nilijua yatupasa kuingia ndani, na dada yake alikuwa ameanza kuniita kutoka mlangoni. Lakini nilibaki pale nimemshika mkono hadi wale wengi wakatufikia.